Kununua Kidogo Kidogo Ndiko Kunakotumaliza

Njaanuari ikibisha, washauri wa pesa hujaa redioni na mitandaoni. Punguza starehe, wanasema, weka akiba asilimia kumi ya mshahara. Mimi ni mweka hazina wa chama cha wanawake cha kuweka akiba na kukopeshana, hapa Kawangware, Nairobi. Wenzangu wengi huondoka asubuhi kwa miguu kwenda kufua na kupika kwenye mitaa ya wenye nazo ya Lavington na Kileleshwa, na wengine wana vibanda vya mboga karibu na steji ya 46. Hesabu zao zinapita mikononi mwangu kila mkutano, na starehe sizioni. Ninachokiona ni pesa inayoingia kidogo kidogo na kutoka kidogo kidogo, na kila ikitoka kidogo inanunua kwa bei ya juu kuliko anayolipa mwenye nazo.

Chukua maji. Mtungi wa lita 20 ukiuzwa shilingi 10, mitungi 50, yaani lita 1,000, ni shilingi 500. Aliye na bomba ndani ya nyumba kule Lavington hulipa sehemu ndogo tu ya hizo kwa lita zilezile. Stima nayo vivyo hivyo. Tangu Aprili 2023, bei ya chini kabisa ni ya anayetumia yuniti zisizozidi 30 kwa mwezi. Iliwekwa kumpunguzia mnyonge, lakini ploti yenye nyumba kumi ikiwa na mita moja, yuniti za wote huhesabiwa pamoja, na huyo mnyonge anatozwa sawa na mwenye jumba. Kwa hiyo ukitafuta nyumba ya kupanga, kabla hujapatana kodi uliza kama ina mita yake.

Nayataja haya mapema kwa sababu inaniuma kumwona mama anayefanya kazi tangu alfajiri akijilaumu kwamba hajui kupanga pesa. Anajua. Tena anajua hesabu kuliko wengi wanaomshauri.

Mwenzetu mmoja, mama nguo, yaani anayefulia watu kwa malipo ya siku, mwenye watoto watatu, alikuwa akinunua mikebe miwili ya makaa kila siku, shilingi 80 mkebe. Hiyo ni 160 kwa siku na 4,800 kwa mwezi. Kujaza gesi kwenye mtungi wa meko wa kilo 6 mtaani kwetu ni kama shilingi 1,200, na kwake unafika wiki tatu hivi. Alikuwa anaijua tofauti hiyo vizuri sana. Kilichomshinda ni zile shilingi elfu tatu na zaidi za kuanzia, mtungi na gesi yake ya kwanza, zinazotakiwa kwa mkupuo mmoja kutoka kwa mtu anayelipwa kwa siku, siku ambayo kazi imepatikana. Chama kikamnunulia meko, naye akawa anarudisha mia mia katika zile pesa za makaa. Ili gesi isiishe upesi, maharagwe na githeri hachemshi nyumbani, ananunua kwa kikombe kwa mama anayechemsha sufuria kubwa pale kona. Deni la meko likaisha, na tofauti ile sasa anabaki nayo yeye.

Basi ushauri wangu wa kwanza uko hapo. Kama mko kwenye chama, geuzeni shabaha yake. Vyama vingi hupeana zamu kwa mzunguko, anayepokea anunue vyombo au zulia, na sina ubaya na zulia. Lakini zamu za kwanza ziende kwa kitu kinachoshusha gharama ya kila siku: meko, tangi dogo la kuhifadhi maji siku yanapofunguliwa, baiskeli ya anayebeba mzigo. Sisi pia tunanunua gunia la mahindi la kilo 90 mavuno yanapoingia na bei ikiwa chini. Gunia hilo ni gorogoro 45 za kilo mbili. Tunagawana, kila mtu anapeleka zake posho mill. Hapo mnahitaji mtu mmoja mwenye mahali pakavu pa kuweka gunia, na daftari linaloonekana na wote.

Mama mboga wenu lakini msimruke kwenda kununua kila kitu soko la Wakulima. Yeye ndiye anayekupa sukuma ya leo ulipe Ijumaa, bila riba na bila kukuuliza kitambulisho. Deni lake lilipe kabla ya madeni mengine yote.

Sasa mikopo ya simu, maana hapa ndipo familia nyingi zinapovuja. Mtu akiniambia pesa haitoshi, simuulizi anazitumiaje. Namwambia abonyeze *334#, aombe taarifa ya M-Pesa ya miezi mitatu, apeleke saiba ichapishwe. Halafu tunakaa na kalamu nyekundu, tunazungushia duara kila ada ya kutuma, kila ada ya kutoa, kila riba, kila pesa iliyokwenda kwenye kamari. Tunajumlisha. Dada mmoja wa kibanda alikuta duara za mwezi mmoja zimezidi kodi anayolipia kibanda chenyewe. Alinyamaza kwa muda, kisha akaomba kalamu aendelee mwenyewe.

Angalia inavyokwenda. Mkopo unaotoza asilimia 7.5 kwa siku 30 hauonekani mbaya: ukichukua 4,000 unaongeza 300 tu. Lakini mwenye mshahara unaokatika tarehe 20 hulipa mwisho wa mwezi na kukopa tena tarehe 3, mwezi baada ya mwezi. Kwa mwaka mzima zile 300 zinakuwa 3,600, karibu sawa na pesa yenyewe aliyokopa, na mkononi hana kitu kipya. Sacco, yaani ushirika wa akiba na mikopo, inayotoza asilimia moja kwa mwezi kwa deni linalobaki, ukilipa 4,000 hizohizo kwa awamu za mwaka, riba yote ni kama shilingi 260. Mwenye payslip ndiye anayefunguliwa mlango wa Sacco upesi, na mama nguo ndiye anayebaki na simu. Hiyo ni dhuluma, na sipendi watu waizungumzie kama ni tabia mbaya ya maskini.

Njia ya kutoka ni kuhamisha deni kutoka mahali ghali hadi mahali nafuu, mara moja tu, kisha kuifuta ile programu kwenye simu. Chama kilipe mkopo wa simu wa mwanachama moja kwa moja, naye abaki na deni la chama. Lakini chama chenyewe kiwe safi. Vyama vingi vinatoza asilimia 10 kwa mwezi, na ukiuliza unaambiwa pesa hizo zinarudi kwetu Desemba tukigawana faida. Zinarudi kwa nani? Anayekopa sana ni yule asiye na kitu, na faida hugawanywa kwa kadiri ya akiba, kwa hiyo inamfuata yule aliyeweka nyingi. Mwisho wa mwaka mnyonge wa chama amempa mwenzake pesa, kimyakimya, wakiwa wamekaa kwenye benchi moja. Tulibishana sana juu ya jambo hili, wengine walikasirika, na mwishowe tukashusha riba hadi asilimia moja. Faida ya Desemba ilipungua. Mikopo ya simu ilipungua pia, na hiyo ndiyo iliyokuwa shida yetu.

Hazina ya Hustler, mikopo ya serikali kwa simu iliyozinduliwa tarehe 30 Novemba 2022, ina mahali pake. Riba yake ni asilimia 8 kwa mwaka, na mkopo wa kawaida ni wa siku 14, kwa hiyo shilingi 1,000 kwa wiki mbili inakugharimu kama shilingi 3. Inamfaa mwenye kibanda anayenunua mzigo leo na kuumaliza wiki hii. Kwa kodi ya nyumba haifai, kwa sababu wiki mbili zikiisha nyumba haijazaa chochote.

Na wanaodai kwa kelele wasikutishe. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 zinawakataza wakopeshaji wa kidijitali kuwapigia watu ambao namba zao ziko kwenye simu yako ili kukuaibisha, na kila mkopeshaji wa aina hiyo sharti awe na leseni. Mtu akimpigia mama yako kijijini kwa ajili ya deni lako, hifadhi ujumbe na namba, ulalamike Benki Kuu au kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Deni bado utalilipa, ila heshima yako haikuwekwa rehani.

Nyumbani mtu na mkewe, au mtu na mumewe, wekeni taarifa zenu mbili za M-Pesa mezani pamoja. Nimeona nyumba ambamo kila mmoja anakopa kwa siri ili mwenzake asijue amepungukiwa, na wote wawili wanalipa riba kwa ajili ya unga uleule. Siku ya kwanza ni ngumu. Chagueni jioni watoto wamelala, na mpatane kwamba hakuna kulaumiana kwa kilichopita hadi hesabu iishe.

Na wazazi kijijini? Wengine husema kata, huwezi kubeba ukoo. Mimi siamini hivyo, na sidhani wanaosema hivyo wamewahi kulelewa na bibi. Ninachoshauri ni kiasi kinachojulikana na tarehe inayojulikana. "Mama, kila tarehe 10 nitakutumia elfu moja. Ya katikati ya mwezi sina, nisamehe." Mama akijua tarehe, anapatana na mwenye duka lake, na zile simu za ghafla zinazokupeleka kwenye mkopo zinapungua. Michango ya matanga na harusi iwekee kikomo chake cha mwezi. Ikiisha, peleka mikono yako ukasaidie kupika.

Chakula cha mtoto shuleni usikipuuze. Katika shule za msingi za umma zilizo kwenye mpango wa Dishi na County, ulioanza 2023 hapa Nairobi, mtoto hula mchana kwa shilingi 5. Kuna wazazi ambao bado hawajauliza shuleni jinsi ya kumsajili mtoto.

Matibabu ndiyo yanayobomoa familia kwa siku moja. SHA, bima ya afya ya serikali, ilipoanza kazi Oktoba 2024, wenye mshahara walianza kukatwa asilimia 2.75, kila mwezi, bila kuhangaika. Asiye na mshahara hukadiriwa mapato, kiwango cha chini kikiwa shilingi 300 kwa mwezi, na anatakiwa kulipa ya mwaka mzima, yaani 3,600. Tena mkupuo, tena kwa yule anayelipwa kwa siku. Sisi tulilifanyia hesabu: watu 12 wakitoa 300 kila mmoja, chama kina 3,600 kila mwezi, na hiyo inamlipia mtu mmoja mwaka mzima. Tulianza na mjamzito, kisha wenye watoto wadogo, kisha wenye presha na sukari. Wengine hukadiriwa zaidi ya 300, nao wanaongeza ile tofauti wakati zamu yao ikifika. Kila mwezi tunaangalia pamoja kwenye simu kama malipo yameingia kabla hatujaenda kwa anayefuata.

Bado nina neno kwa unayesoma haya ukiwa upande wa pili wa barabara, unayeajiri. Novemba 2024, kima cha chini cha mshahara wa mfanyakazi wa nyumbani jijini Nairobi kiliwekwa kuwa shilingi 16,113 na senti kadhaa kwa mwezi. Angalia unacholipa. Kisha angalia tarehe. Kodi ya Kawangware inadaiwa tarehe 5, na msimamizi wa ploti hangoji. Ukimlipa dada wa kazi tarehe 8 kwa sababu ulikuwa safarini au ulisahau, atakopa kwa simu zile siku tatu, na riba ya mwezi mzima ataitoa yeye. Januari akikuomba umtangulizie nusu ya mshahara kwa ajili ya sare na vitabu, mpe, umkate kidogo kidogo hadi Aprili. Andikeni mahali, nyote wawili mweke sahihi, naye asiingie kwenye mkopo wa siku 30 kwa ajili ya sketi ya shule.