Ukitaka Kuandika Tashtiti, Anza na Msemaji

Katika tashtiti, yaani maandishi ya kejeli yanayokosoa jamii, za vijana ninaowafundisha uandishi, hasira huwahi sana kujitokeza. Sentensi ya pili tu, viongozi wameshaitwa mafisi. Aliyekuwa upande wako anaitikia, asiyekuwa upande wako anaacha kusoma, na hakuna aliyeguswa. Ndiyo maana huwaambia: kabla hujatafuta chuku, mtafute msemaji. Nani anazungumza humu, na anaamini nini?

Mfano ninaourudia kila mara ni wa Jonathan Swift, kasisi wa Dublin, na kijitabu chake A Modest Proposal cha mwaka 1729. Ireland ilikuwa taabani kwa umaskini, na wenye mashamba wengi waliishi Uingereza huku wakila kodi za wakulima. Swift hakuwafokea. Alibuni bwana mmoja mstaarabu, mpenda nchi, mwenye pendekezo: watoto wa maskini wakitimiza mwaka mmoja wauzwe, waliwe.

Bwana huyu hapayuki hata mara moja. Anapiga hesabu. Kila mwaka maskini huzaa watoto 120,000. 20,000 wabakizwe kwa ajili ya kuzaliana, 100,000 waende sokoni. Kumlea mtoto mmoja ni shilingi 2 kwa mwaka, kumuuza ni shilingi 10, mama anabaki na faida ya shilingi 8. Mimi huwa nasita hapo kwenye shilingi 8 kuliko penye nyama yenyewe, kwa sababu waandishi wa mambo ya uchumi zama hizo walikuwa tayari wakiwazungumzia maskini kwa lugha ya idadi na gharama. Swift aliichukua lugha yao akaifikisha ilikokuwa ikielekea. Tena anampitishia msemaji wake neno kwamba chakula hiki kinawafaa zaidi wenye mashamba, maana wao wameshawala wengi wa wazazi wa watoto hao.

Chunguza pia alikoficha msimamo wake. Karibu na mwisho, bwana yule anataja dawa nyingine, kama kuwatoza kodi wenye mali wanaoishi ng'ambo na kutumia bidhaa za nyumbani, kisha anazikataa zote. Dawa hizo ndizo Swift alizozitaka. Tashtiti yako nayo iache mahali ambapo msomaji makini ataona unachokitetea.

Si lazima msemaji awe katili. Mwandishi Wahome Mutahi wa Kenya, aliyefungwa mwaka 1986 katika enzi ya utawala wa chama kimoja, alimtumia mhusika Whispers katika safu yake ya gazeti, baba wa nyumba mlevi anayejiona simba mbele ya mkewe Thatcher na watoto wake. Wasomaji wa gazeti walimcheka Whispers, na katika kumcheka wakawaona wakubwa wanaodai heshima wasiyoistahili.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni nani anaumia. Mwanafunzi wangu mmoja alileta kipande kilichowacheka ombaomba wa mjini, matambara yao na ujanja wao. Nilimwomba kalamu ampe afisa anayeamuru waondolewe barabarani kabla ya mgeni mkubwa kufika. Alipoandika upya, afisa alieleza kwa upole jinsi umaskini unavyokwisha mjini kwa lori 2 na askari 10, akaomba bajeti ya mwaka ujao iongezwe. Darasa lilicheka, kisha mmoja akauliza wale watu hupelekwa wapi. Tulitumia kipindi chote kilichobaki kulijadili swali hilo.