Maswali ya Wasomaji: Dau Limepanda, Mbona Mimi Siruhusiwi Kupandisha?

Tunacheza poka ya aina ya Texas Hold'em, isiyo na kikomo cha dau. Niliweka dau la 1,000, jirani yangu akalifuata kwa kuweka kiasi hichohicho, wa tatu akaingia na zote alizobakiwa nazo: 1,400. Zamu iliporudi kwangu nikataka kupandisha hadi 4,000, mgawaji akakataa. Nimeonewa? (Msomaji, Tanga)

Hukuonewa. Tazama ongezeko, si jumla. Dau lako ni 1,000, kwa hiyo anayepandisha sharti aongeze 1,000 nyingine, afike 2,000. Wa tatu kaongeza 400 tu. Anaruhusiwa kwa kuwa hana zaidi, lakini hilo si ongezeko kamili, na halimfungulii upya ruhusa ya kupandisha mtu aliyekwisha kucheza. Wewe na jirani yako mna mawili: kulipa 400 au kutupa karata. Bila kizuizi hicho, mwenye chipu chache (vidude vinavyowekwa badala ya pesa) angetumiwa na mshirika wake kama ngazi ya kupandishia dau.

Mchezaji wa nne, ambaye hajacheza bado, hafungwi. Akipandisha, kima chake cha chini ni 2,400: ile 1,400 pamoja na ongezeko la 1,000. Hapo nawe unapata tena ruhusa.

Sasa panapowachanganya hata wagawaji. Tuseme wa nne hakupandisha, kaifuata tu ile 1,400, kisha wa tano akaingia na zote, 2,000. Wewe unadaiwa 1,000 kamili, kwa hiyo unaweza kupandisha. Wa nne anadaiwa 600 tu. Yeye hawezi, labda wewe upandishe kwanza. Ndivyo zinavyosema kanuni za Tournament Directors Association, chama cha wasimamizi wa mashindano ya poka kilichoanzishwa Las Vegas mwaka 2001, ambazo mashindano mengi huzifuata. Katika poka yenye kikomo cha dau, nusu ya ongezeko inatosha kufungua ruhusa hiyo. Meza za nyumbani hujitungia zao. Ulizeni kabla karata hazijagawiwa.

Dau lilikuwa 200. Nikatupa chipu moja ya 1,000 nikikusudia kupandisha, nikarudishiwa 800! (Msomaji, Mombasa)

Ulinyamaza. Chipu moja kubwa ikiwekwa kimya mbele ya dau la mwenzako huhesabiwa kuwa umefuata tu, kwa sababu huenda huna chenji. Tamka "napandisha" kabla chipu haijagusa meza. Usipotaja kiasi, itahesabiwa thamani yake yote, 1,000. Ukiwa wewe ndiye unayefungua dau baada ya karata tatu za mezani kufunuliwa, chipu hiyohiyo ya kimya ni dau la 1,000 zima. Na usiseme "nafuata… halafu napandisha." Neno la kwanza ndilo linalokufunga.

Nina 500, wenzangu wana 1,200 na 3,000. Sote tukiingia na zote nikashinda, napata ngapi? (Msomaji, Morogoro)

1,500: yaani 500 kutoka kwa kila mmoja, nawe ukiwemo. Wenzako wanagombea fungu la pembeni, yaani walichoweka juu ya 500 zako: 1,400, ambalo ni 700 mara mbili. Mwenye 3,000 hurudishiwa 1,800 ambazo hakuna wa kuzifikia. Kuongeza pesa kutoka mfukoni katikati ya mchezo wa karata zilizogawiwa hairuhusiwi. Subiri uishe, kabla karata hazijagawiwa upya.