Wamongolia walikuwa wachache. Nani aliwakusanyia kodi?

SWALI: Shikamoo Daktari. Nasoma shahada ya historia, mwaka wa pili, na kundi letu limepangiwa kuwasilisha mada ya Genghis Khan. Wenzangu wameshaamua kwamba siri yake ilikuwa hofu tu: alifyeka miji, waliobaki wakanyenyekea. Mimi sijaridhika. Wamongolia walikuwa wafugaji wa kuhamahama, wachache, na wengi wao hawakujua kusoma. Waliwezaje kutoza kodi Uchina na Uajemi, tena kwa vizazi? – Mwanafunzi, Dodoma

JIBU: Marahaba. Shikilia hapo hapo ulipokwama, maana wenzako wamemeza jibu ambalo nalisahihisha kila muhula na bado linarudi. Hofu hufungua lango la mji. Haihesabu kaya, haijui nani ana shamba la ngano na nani ana duka la hariri. Mtu aliyetishwa, akipata mwanya, hufukia fedha yake na kutorokea milimani, na mshindi akabaki na magofu ya kutoza.

Siku hizi jibu hilo limepata na wauzaji. Wapo walimu wa mafanikio wanaojaza kumbi za hoteli kwa "mbinu za uongozi za Genghis Khan", kiingilio si haba, cheti mwishoni. Kisa wanachokipenda ni cha Otrar. Mwaka 1218 gavana wa mji huo, Inalchuq, alikamata msafara wa wafanyabiashara wapatao 450 uliotoka kwa Wamongolia, akawaua na kutwaa mali. Balozi aliyetumwa kudai haki kwa Sultani Muhammad wa Khwarazm, dola ya Asia ya Kati iliyoutawala mji huo, naye akauawa. Mwaka 1219 jeshi likaja. Mwaka uliofuata Bukhara na Samarkand zikaanguka, na Sultani akafia kisiwani kwenye Bahari ya Kaspi akiwa mkimbizi. Hapo msimulizi hunyamaza, ukumbi ukapiga makofi.

Hawasemi kwamba Sultani alilitawanya jeshi lake kwenye ngome za miji mbalimbali, akiwaogopa makamanda wake mwenyewe. Hawasemi kwamba mitambo ya kubomolea kuta iliendeshwa na mafundi kutoka Uchina, wala kwamba mafundi wa Samarkand walichambuliwa na kupelekwa mashariki wakiwa hai, kwa kuwa walihitajika. Na hawamtaji kabisa Mahmud Yalavach, Mwislamu kutoka Khwarazm hiyo hiyo. Yeye na mwanawe, Mas'ud Beg, ndio waliomweleza Genghis Khan jinsi miji inavyoendeshwa. Baadaye baba aliwekwa kusimamia Asia ya Kati, kisha akahamishiwa kaskazini mwa Uchina, na Mas'ud Beg akabaki kuendeleza kazi nyumbani.

Basi, jibu la swali lako: kodi ilikusanywa na makarani wa watu waliotekwa. Mwaka 1204, hata kabla ya Temujin kutawazwa kuwa Genghis Khan, alipowashinda Wanaiman, kabila jirani la nyika, alimkuta Tata-tonga, Muiguri aliyekuwa mtunza mhuri wa mfalme wao. Hakumkata kichwa. Alimpa kazi ya kuwafundisha wana wa ukoo wake kuandika.

Uchina aliyefanya kazi kubwa ni Yelü Chucai, mtu wa kabila la Wakhitani aliyewahi kuitumikia Jin, serikali ya kaskazini mwa Uchina iliyoshindwa. Baada ya Genghis kufa mwaka 1227, walikuwapo wakubwa walioona wakulima wa kaskazini mwa Uchina hawana faida. Waondolewe, ardhi iwe malisho. Yelü Chucai hakumhubiria huruma Ogedei, mwana wa Genghis aliyemrithi. Alimpigia hesabu: ukiwaacha walime na kufanya biashara, kwa mwaka utapata wakia 500,000 za fedha, majora 80,000 ya hariri na magunia 400,000 ya nafaka. Akaruhusiwa kufungua ofisi 10 za kodi, na mali ilipofika mbele ya Khan mwaka 1231 ndipo watu wakaamini. Mamilioni ya watu walinusurika kwa sababu ya karatasi ya mahesabu. Hilo halifai kuuza tiketi.

Wala usidhani mambo yaliishia hapo. Mfumo wa Yelü Chucai ulipinduliwa mwaka 1239, pale mfanyabiashara Abd al-Rahman alipokodishiwa ukusanyaji wa kodi kwa kuahidi mara mbili ya kiwango cha awali. Wasomaji wa historia ya Zanzibar wanalijua jambo hili: Seyyid Said naye alimkodishia mfanyabiashara Jairam Shivji ushuru wa forodha. Aliyekodishiwa hulipa jumla aliyoahidi, kisha hufidia gharama na faida yake kwa raia. Kaskazini mwa Uchina wakulima walihama kwa wingi.

Chukua pia sensa. Novgorod, mji wa kaskazini mwa Urusi, haukuwahi kutekwa. Mwaka 1238 jeshi la Wamongolia liligeuka kabla ya kuufikia. Hata hivyo mwaka 1259 watu wake walihesabiwa na kuanza kulipa. Walipogoma miaka 2 kabla, aliyewaadhibu alikuwa mtawala wao wenyewe, Aleksandr Nevsky, aliyewakata pua baadhi ya wapinzani. Khan alimwachia kiti chake, naye akawalinda wahesabuji. Ukatili ulikuwepo, ndiyo, ila angalia kisu kilikuwa mkononi mwa nani na kilitumika kwa kazi gani.

Jeshi nitalipita haraka kwa sababu vitabu vyenu vinalieleza: makundi ya 10, 100, 1,000 na 10,000, koo zikichanganywa ili askari asimtii mzee wa ukoo badala ya kamanda. Ongeza kikosi cha walinzi 10,000 ambamo wana wa makamanda walitumikia jirani na hema la Khan. Walikuwa wanafunzi wa uongozi na rehani kwa wakati mmoja. Baba aliyeko mbali hufikiri sana kabla ya kuasi.

Vituo vya farasi vya njiani pia visimuliwe bila madoido. Mjumbe aliyebeba kibao cha Khan, alama ya ruhusa yake, alibadilishiwa farasi na kulishwa, na wenyeji wa karibu ndio waliobeba mzigo huo. Wakubwa na wafanyabiashara wakavitumia vibao kwa safari zao binafsi, wanakijiji wakakamuliwa, hadi Mongke, mjukuu wa Genghis, alipotawazwa kuwa Khan mwaka 1251 akaagiza vibao vya zamani virejeshwe kwake na kuwakataza wafanyabiashara farasi wa serikali. Dola ilikuwa na matatizo ya ofisi, kama dola nyingine.

Mkitaka kuona hofu inapoishia, mtazameni Timur, mtawala wa Samarkand aliyekuja baadaye. Aliichakaza Delhi mwaka 1398 akaondoka. Akamkamata Sultani Bayezid wa Waosmani huko Ankara mwaka 1402, akaondoka tena. Khwarazm aliivamia mara kadhaa. Alipofariki Otrar mwaka 1405 akielekea Uchina, mjukuu aliyemteua hakuwahi kukaa kwenye kiti. Mjukuu mwingine aliitwaa Samarkand, na magharibi mwa Uajemi ikaanza kuponyoka. Huyu ndiye aliyejenga minara ya vichwa vya watu. Kama hofu ingekuwa saruji, dola yake ingesimama kuliko zote.

Na tarakimu za kutisha msizipokee mikono miwili. Ile "mimi ni adhabu ya Mungu" inayodaiwa kutamkwa Bukhara mwaka 1220, na hesabu ya waliouawa Merv mwaka 1221, zaidi ya 1,300,000, zote zinatoka kwa mwanahistoria Ata-Malik Juvayni. Mauaji yalikuwa makubwa, sina ugomvi na hilo. Lakini Juvayni alizaliwa mwaka 1226, na alikuwa ofisa wa Wamongolia kutoka familia iliyowahi kuwatumikia watawala wa Khwarazm. Mwaka 1258 Hülegü, mjukuu wa Genghis, aliiangamiza Baghdad. Mwaka uliofuata alimkabidhi Juvayni kuitawala, na Mwajemi huyo akakaa kwenye kazi hiyo zaidi ya miaka 20. Anzeni wasilisho lenu na yeye, Genghis afuate.