Moyo Unapodunda Kabla ya Geti: Maswali Yenu Kuhusu Uwanja wa Ndege

Wengi wa waliotuandikia mara hii hawaogopi ndege. Wanaogopa uwanja: foleni, mashine, maofisa, na matangazo yasiyosikika vizuri. Tumeanza na barua inayobeba hofu za wengi.

SWALI: Nasafiri nje ya nchi kwa mara ya kwanza mwezi ujao, na tangu nikate tiketi silali vizuri. Naogopa kuchelewa, naogopa kupotea humo ndani. Nifike saa ngapi, na nianzie wapi?

JIBU: Pole sana, ndugu yetu. Jambo la kwanza la kukutuliza ni hili: uwanjani kuna nyakati mbili tu zisizomsubiri mtu. Moja ni kufungwa kwa kaunta za mizigo, ambako kwa safari za kimataifa mara nyingi ni dakika 60 kabla ya ndege kuondoka, ingawa mashirika hutofautiana. Nyingine ni kufungwa kwa geti, yaani mlango wa kuelekea kwenye ndege, kwa kawaida dakika 15 hadi 20 kabla ya kuondoka. Mengine mengi, kama vile kupanga foleni isiyo yako, kusahau maji kwenye begi au mashine kulia, hurekebishika papo hapo, na maofisa hukutana nayo kila siku. Ukifika saa 3 kabla ya safari ya kimataifa, au saa 2 kwa ya ndani ya nchi, unakuwa na nafasi ya kukosea na kurekebisha.

Kabla ya hapo, isome tiketi kwa makini. Muda huandikwa kwa mfumo wa saa 24, kwa saa za mahali ndege inapoondokea. 10:00 ni saa nne asubuhi, si saa kumi jioni. Hatari kubwa zaidi ni ndege za baada ya usiku wa manane: tiketi ikisema 00:30 tarehe 12, unatakiwa uwe uwanjani usiku wa tarehe 11. Mtu anayesubiri usiku wa tarehe 12 huikuta ndege ilishaondoka karibu siku nzima iliyopita.

Ukiingia, tafuta kwenye skrini namba ya safari yako, kwa mfano herufi mbili na tarakimu tatu, uone kaunta zako. Hapo wataangalia pasipoti, viza kama inahitajika, na cheti cha homa ya manjano kwa nchi zinazokidai. Nchi nyingi zinataka pasipoti iwe na angalau miezi 6 kabla ya kuisha. Cheti cha homa ya manjano huanza kutambulika siku 10 baada ya chanjo, kwa hiyo kuchanjwa wiki ya safari hakutakusaidia. Begi kubwa likizidi uzito utaambiwa ulipie au upunguze. Lipime nyumbani, na kumbuka kwamba hata ukiwa tayari kulipa, viwanja vingi havipokei begi moja la zaidi ya kilo 32, kwa sababu kuna watu wanaolibeba kwa mikono.

Kabla hujaondoka kaunta, tazama lebo iliyofungwa kwenye begi. Herufi tatu kubwa ni za uwanja ambako begi litaishia. Kipande cha lebo utakachopewa usikitupe, kwani namba yake ndiyo itakayotumika kulitafuta begi likipotea.

Baada ya kaunta kuna ukaguzi wa usalama na uhamiaji (baadhi ya viwanja huanza na uhamiaji), kisha geti. Kwa uhamiaji jibu kinachoulizwa tu: unaenda wapi, kufanya nini, kwa siku ngapi. Ukishapita, tembea kwanza hadi geti ulione kwa macho yako, ndipo utafute chakula au choo. Viwanja vingine vina mageti yanayofikiwa kwa treni au kwa kutembea dakika 20. Na muda wa kuufuata kwenye pasi yako ya kupandia ndege, ile karatasi unayopewa kaunta, ni ule wa kuanza kupanda. Geti linaweza kubadilishwa, basi irudie skrini kila baada ya muda.

SWALI: Kwenye ukaguzi mikono hunitetemeka. Nahofia mashine italia na watu wataniona mhalifu. Mimi pia huvaa hijabu.

JIBU: Kutetemeka si kosa, na wakaguzi huona watu wenye hofu kila siku. Mwambie aliye karibu, kwa sentensi moja, "Nina wasiwasi, naomba unielekeze polepole." Wengi hubadilika sauti wakiambiwa hivyo.

Lango la kugundua chuma hulia kwa sababu za kawaida kabisa: mkanda, sarafu, funguo, saa, viatu vyenye chuma ndani ya soli. Vitie vyote ndani ya begi la mkononi ukiwa bado kwenye foleni, maana wengi huvisahau kwenye trei wakiwa na haraka. Kompyuta mpakato hutolewa na kuwekwa peke yake, isipokuwa uambiwe uiache. Skana ya mwili, ile unayosimama ndani yake umeinua mikono, hutumia mawimbi ya redio ya milimita na si eksirei. Kwa kawaida mkaguzi haoni mwili wako, bali huona mchoro wa mtu wenye alama mahali pa kukaguliwa. Alama hiyo inaweza kusababishwa na karatasi ya tishu mfukoni, mkunjo wa nguo au nywele nyingi zilizofungwa. Kitakachofuata ni kupapaswa mahali hapo tu.

Kuhusu hijabu, katika viwanja vingi utapita nayo, na ikibidi ikaguliwe unaweza kuomba mkaguzi mwanamke na chumba cha faragha. Omba mapema, kabla hajaanza. Mwenye kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo naye aseme kabla ya kupita, aonyeshe kadi yake, na asisimame karibu na lango.

Wakati mwingine hupanguswa kitambaa viganjani, kisha kitambaa hicho hupimwa kwenye kifaa kinachotafuta chembe za vilipuzi. Losheni yenye gliserini, mbolea, na baadhi ya dawa za moyo huweza kukifanya kifaa hicho kilie. Kikilia, utakaguliwa zaidi. Hujashitakiwa kwa lolote. Taja dawa au losheni uliyotumia.

Vimiminika ndivyo vinavyowachelewesha wengi. Kanuni iliyoenea tangu 2006 ni chombo kisichozidi mililita 100, na vyombo vyote viingie kwenye mfuko mmoja angavu wa lita 1. Kinachohesabiwa ni ukubwa wa chombo, kwa hiyo chupa ya mililita 200 iliyobaki robo itachukuliwa. Dawa ya meno, jeli, asali na siagi ya karanga zimo. Viwanja vyenye skana mpya vimelegeza sharti hili, lakini uwanja wa kubadilishia ndege au wa kurudia unaweza kuwa bado unalishika, kwa hiyo pakia kwa kufuata sharti la zamani. Dawa za majimaji na maziwa ya mtoto huruhusiwa kuzidi, mradi uvitoe na kuvitaja.

SWALI: Pawabanki niiweke wapi?

JIBU: Kwenye begi la mkononi, kamwe si kwenye mzigo wa chini. Betri ya lithiamu ikipata hitilafu huwaka kwa joto kali, na wahudumu wanaweza kuukabili moto walioufikia. Mpaka wa kawaida ni watisaa (Wh, kipimo cha nishati ya betri) 100. Zidisha mAh (kipimo cha chaji kinachoandikwa juu ya pawabanki) kwa volti za betri, kisha gawa kwa 1,000: 20,000 × 3.7 ni 74, inaruhusiwa. Kati ya 100 na 160 unahitaji kibali cha shirika. Baadhi ya mashirika hayaruhusu kuitumia angani, kwa hiyo chaji simu kabla.

SWALI: Nifanyeje hofu ikinishika nikiwa tayari geti?

JIBU: Moyo kwenda mbio, jasho na kizunguzungu hutokana na adrenalini. Kwa kawaida kilele chake hufika ndani ya dakika 10, kisha hushuka. Kaa chini, vuta pumzi kwa hesabu ya 4, itoe kwa hesabu ya 6, ukirudia kwa dakika tano. Kutoa kwa muda mrefu kuliko kuvuta ndiko kunakopunguza mapigo. Kama maumivu ya kifua hayaishi au yanashuka mkononi, mwite mhudumu mara moja, usisubiri kuona kama ni hofu. Siku ya safari kula kidogo mapema na punguza kahawa, kwani kafeini huongeza dalili zilezile. Dawa ya kutuliza usiinywe kwa mara ya kwanza uwanjani, wala usiichanganye na pombe. Muulize daktari wiki kadhaa kabla, na ibebe kwenye pakiti yake pamoja na maandishi ya daktari, kwa kuwa dawa hizo hudhibitiwa katika nchi nyingi.

Unaweza pia kuomba msaada kwa shirika lako, vizuri zaidi saa 48 kabla, ili usindikizwe tangu kaunta. Viwanja vingi hutambua utepe wa kijani wenye maua ya alizeti, mpango ulioanzia Gatwick mwaka 2016, unaomweleza mfanyakazi kwamba mvaaji anahitaji muda au maelezo zaidi. Na ukiamua kutopanda, mwambie mhudumu wa geti mapema. Begi lako litalazimika kutafutwa na kuteremshwa, na hilo huchukua muda.

SWALI: Nabadilisha ndege njiani. Begi nalichukua au linakwenda lenyewe?

JIBU: Tiketi ikiwa moja, mara nyingi linaendelea lenyewe, na ukikosa ndege ya pili kwa kuchelewa kwa ya kwanza, shirika hukutafutia nyingine. Tiketi zikiwa mbili tofauti, hesabu kwamba utalichukua, utapita uhamiaji na kulikabidhi upya, na hasara ya kuchelewa ni yako. Acha angalau saa 4 kati yake. Ukiingia Marekani, kwa kawaida begi huchukuliwa katika uwanja wa kwanza wa kutua, hata kama lebo inaonyesha mji wa mbele. Ukishapita forodha unalikabidhi tena kwenye mkanda wa wasafiri wanaobadilisha ndege, ambao kwa kawaida uko karibu na mlango wa kutokea.