Chui wa Jabal Samhan

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mkazi wa Muscat, na wazee wangu walitoka Unguja. Tulipokwenda Salalah, kusini mwa Oman, wakati wa Khareef, yaani majira ya ukungu, mwenyeji wetu alituonyesha milima ya Jabal Samhan akasema kuwa ndani yake mna chui. Anawezaje kuishi katika nchi kame kiasi kile, na je, ni chui yule yule wa Afrika? – Msomaji, Muscat

JIBU: Mwenyeji wenu alisema kweli. Huyo ni chui wa Arabuni, wa spishi moja na chui wa Afrika lakini mdogo zaidi, kwani dume ana uzito wa kilo 30 hivi na jike kilo 20. Waliosalia porini katika Rasi nzima ya Arabuni hawafiki 200, na milima ya Dhofar, mkoa wa kusini mwa Oman wenye Jabal Samhan, ni miongoni mwa maficho yao ya mwisho.

Kinachomweka hai ni upepo. Kusi, ile ile iliyoyasukuma majahazi kutoka Unguja kwenda Arabuni, hufika pwani ya Dhofar kati ya Juni na Septemba ikiwa imebeba ukungu, nao ukungu huo hunasa kwenye miteremko inayotazama bahari, ukalowesha miti na kuotesha malisho, ilhali upande wa pili wa milima ni jangwa tupu. Katika makorongo hubaki vidimbwi vya maji, na hapo ndipo wanapofika pimbi, paa na mbuzi-mwitu wenye pembe ndefu zilizopinda, ambao ndio chakula cha chui. Fisi wenye milia na simbamangu nao wamo.

Hifadhi ya Jabal Samhan ilitangazwa mwaka 1997, ikiwa na kilometa za mraba zipatazo 4,500, kutoka uwanda wa juu hadi ufukwe ambako kasa hutaga. Kwa kuwa ni nadra mno kumwona chui kwa macho, watafiti hutega kamera zinazopiga picha zenyewe kwenye njia zake, kisha humtambua kila mmoja kwa madoa yake, ambayo hayafanani na ya mwenzake.

Kwa wewe mwenye asili ya Unguja, habari hii ina uchungu wake. Kisiwa kile kilikuwa na chui wake, mdogo pia, aliyeandamwa kwa imani kwamba wachawi humfuga na kumtuma, akawindwa hata wataalamu wengi wakamhesabu kuwa ametoweka. Huko Dhofar ugomvi ni wa mifugo: chui akikosa mbuzi-mwitu hula mbuzi wa mtu, na mfugaji aliyepata hasara hawezi kuambiwa avumilie tu. Ndiyo maana naona jambo lenye thamani kuliko yote katika hifadhi ile ni kwamba baadhi ya askari wake wa wanyamapori ni wenyeji wa milima hiyo hiyo, watu wanaozijua njia za chui na pia wanaojua mbuzi mmoja ana maana gani kwa nyumba yenye watoto.