Barua kwa mwanangu: kande hazianzi siku ya kupikwa

Uyole, Mbeya

Mwanangu mpenzi,

Ugonile. Ujumbe wako nimeusoma, na sukari na sabuni zimefika, ndaga fijo, asante sana. Umeuliza mawili. La kwanza, mlipokuwa wadogo, ile miaka ya 1980, tulikuwa tunakula nini siku za kawaida, zisizo na mgeni wala sikukuu. La pili, mbona kande unazopika huko Dar zinatoka uji wa maharage wenye mahindi magumu ndani yake. Hilo la pili ndilo lenye maneno mengi, basi nalianza.

Wewe ulikuwa unaziona kande zikishateremshwa. Kazi yenyewe ilikuwa imeanza jana yake, kwenye kinu. Mahindi ya kande hayapikwi na ganda lake. Maji hayapenyi, utachemsha hadi kuni ziishe. Chukua sado moja ya mahindi makavu, nyunyizia maji kikombe kimoja, changanya kwa mkono, acha kama dakika 10 ganda lilainike. Kisha twanga. Mchi usiupige kama unayeponda. Uachie uzito wake tu, punje zisuguane zenyewe. Pepeta kwenye ungo, rudisha kinuni, pepeta tena, mpaka kile kijicho cheusi kwenye ncha ya punje kimetoka. Ukizidisha maji, pumba zinanata kwenye punje na ungo hauzitoi. Ukipunguza sana, punje zinapasuka, unabaki na chenga za kupikia uji. Huko mjini nunua tu yaliyokobolewa kwa mashine, ila mimina machache kiganjani kwanza. Punje ziwe nzima. Yaliyovunjika yanatoa unga, ndiyo yanayokupa ule uji.

Halafu kuloweka. Hapa tunaloweka usiku kucha, na mwezi wa sita baridi ikikaza tunaacha hata usiku na mchana, maji yakibadilishwa mara moja. Umefuata hivyohivyo ukiwa Dar, na umesema yalitoa povu na harufu. Lazima. Uyole usiku wa Juni unashuka chini ya nyuzi 10, mahindi yanakaa kwenye maji kama yaliyo kwenye friji. Kwenye joto lenu masaa 6 hadi 8 yanatosha, zaidi ya hapo yanachacha. Maharage loweka kwenye chombo chake, usiyachanganye na mahindi, na yale maji yake mwaga.

Sasa jikoni. Sisi tuko mita 1,700 na zaidi juu ya usawa wa bahari, na maji ya hapa yanachemka yakiwa kwenye nyuzi 94 au 95 hivi. Ya kwenu yanafika 100. Ndiyo maana maharage ya Mbeya yanakula kuni, na ndiyo maana ukihesabu muda wangu ukiwa Dar maharage yanasambaratika. Acha saa, fuata meno. Pima vikombe 3 vya mahindi kwa kikombe 1 na nusu cha maharage. Hizo wanakula watu sita hadi wanane. Mahindi yatangulie peke yake, maji yapite juu yake vidole vinne. Baada ya saa moja toa punje moja uing'ate. Ikiwa katikati kuna kidoa cheupe kikavu kama chaki, bado. Kikishapotea, ila punje bado inakataa kidogo kwenye jino, hapo ndipo maharage yanaingia. Birika la maji ya moto likae pembeni kwa kuongezea. Maji ya baridi yanakata mchemko, na kila ukikata unarudi nyuma dakika kadhaa.

Chumvi ni mwisho. Nyanya na ndimu pia mwisho, kama ni lazima, maana uchachu unayafanya maharage yagome. Karanga: kikombe kimoja, ukizichambua kwanza na kutupa zote zilizosinyaa, nyeusi au zenye ukungu, maana humo ndimo mna sumukuvu na moto wa jikoni hauiondoi. Kaanga kidogo, twanga, koroga kwa maji ya uvuguvugu iwe kama uji mwepesi, mimina zikibaki dakika 20. Kuanzia hapo usiondoke. Karanga hutua chini na kuungua, na chungu kizima kinanuka moshi.

Kama umefanya yote hayo na maharage bado magumu, mashaka yangu ni mawili. Aidha ni ya zamani, yamekaa ghalani kwenye joto na unyevu wa pwani miezi mingi (hayo hata uyachemshe safari nzima ya treni ya TAZARA hayaivi), au unapikia maji ya kisima yenye madini mengi. Kwa hayo ya pili weka magadi, punje ya ukubwa wa harage moja kwa sufuria ya lita 5. Ukizidisha, chakula kinakuwa na ladha ya sabuni na vitamini B inakufa. Watu wa siku hizi wanamwaga kijiko kizima ili kuokoa gesi. Sikushauri.

Tukiacha kande, siku ya kawaida ilikuwa hivi. Asubuhi chai ya rangi na viazi mviringo vilivyochemshwa na maganda, au magimbi kutoka Tukuyu. Mdogo kabisa alipata uji wa ulezi. Mchana, msimu wa kilimo, hakuna aliyewasha moto: viporo, au viazi vya asubuhi vilivyobaki. Jioni ugali na mboga moja. Mboga moja, mwanangu, siyo tatu. Wali wa mchele wa Kyela ulikuwa wa sikukuu, na kuku alikuwa wa mgeni.

Unga mweupe uliokuwa unaupenda ndio ulikuwa mrefu kuliko vyote. Mahindi yanakobolewa kama nilivyosema, kisha yanalowekwa siku 2 hadi 3, yanaoshwa, yanaanikwa mpaka ukiyabana yasitoe maji lakini ndani yawe na unyevunyevu, ndipo yanapelekwa mashineni. Yakikauka kabisa unga unakuwa na chembechembe. Yakiwa mabichi yanaziba mashine, na mwenye mashine anakurudisha nyumbani. Baada ya kusaga unga unaanikwa tena kwenye mkeka, jua moja, kabla ya kuingia kwenye gunia. Ukiruka hatua hiyo, wiki ya pili unafungua gunia unakuta madonge ya kijani. Unga huo unadumu miezi, kwa sababu kiini chenye mafuta kimetoka na pumba. Dona ina lishe zaidi, sikatai, lakini yale mafuta yake yanaharibika na unga unakuwa mchungu, kwa hiyo saga ya wiki mbili tatu tu.

Kwenye lile swali la kwanza umegusia pia kama tuliwahi kula ule unga wa njano. Unga wa Yanga, ndiyo, watu waliupa jina la timu ya mpira kwa rangi ya jezi yake. Yalikuwa mahindi ya msaada, na yaliliwa zaidi mijini kwa waliopanga foleni dukani. Huku kilichotusumbua kilikuwa mafuta ya kupikia. Miaka ya mwanzo ya 1980 mafuta, sukari na sabuni vilikuwa vya kutafuta, na ukitaka kujua mboga za wakati ule zilipikwaje anzia hapo: hatukukaanga kwa sababu hakukuwa na cha kukaangia. Mafuta yalitoka kwenye karanga au mbegu za maboga.

Chukua majani ya maboga. Chuma yale machanga ya kwenye ncha, matatu manne ya juu, pamoja na maua. Vunja kikonyo kwa nyuma na vuta. Utaona uzi unatoka na ngozi yake yenye vinywele, unafika mpaka kwenye jani. Vuta zote. Uzi ukibaki, mtoto anakabwa. Sugua majani kwa viganja ndani ya maji, kisha katakata. Weka kwenye maji kidogo yanayochemka, yasifunike mboga, dakika 10, mfuniko wazi ili rangi isife. Mbegu za maboga, kikombe kimoja kwa fungu mbili kubwa, unakaanga kavu mpaka zianze kupasuka, unatwanga na maganda yake, unachekecha. Unga huo unanyunyizwa juu, unafunika, hukorogi kwanza. Ukikoroga mapema unakwenda chini na kushika. Ngoja dakika 5, mvuke uulowanishe, ndipo ugeuze. Ikiiva utaona mafuta ya kijani yanang'aa pembeni mwa chungu.

Majani ya maboga, mnafu na uyoga ni vya mvua, Novemba mpaka Aprili. Kiangazi tuliishi kwa figiri na chainizi za vinyungu, kule mabondeni kunakobaki unyevu, na kwa mboga zilizokaushwa: zinachemshwa kidogo, zinaanikwa kivulini. Ukizianika juani zinageuka rangi ya majani ya chai na ladha pia inakwenda.

Dagaa wetu walikuwa usipa wa Ziwa Nyasa. Ulisema ukila sasa unasaga mchanga. Hiyo ni kwa sababu unamwaga maji kwa kuinamisha bakuli, na mchanga unarudi juu ya samaki. Usipa wengi wanaanikwa ufukweni. Watie kwenye maji ya uvuguvugu mengi, wavuruge, acha dakika 2 mchanga utue, kisha wainue kwa mikono kama unayeokota, ukiacha maji yote chini. Rudia mara tatu. Wakaushe kwenye chungu kikavu mpaka wakakamae ndipo uwaunge, la sivyo wanavurugika na mchuzi unakuwa shombo tupu.

Chungu nacho kina neno lake. Vile vya Wakisi, wafinyanzi wa kando ya Ziwa Nyasa, vinavyotoka Ikombe na Matema, vinashika moto polepole na haviachi upesi, kwa hiyo maharage yanaendelea kuiva hata kuni zikishavutwa. Kipya usikipikie mboga siku ya kwanza. Kichemshie pumba au uji mzito mpaka upoe humohumo. Wanga unaziba vitundu. Na usikitoe motoni ukakiweka kwenye sakafu yenye maji, kitapasuka kwa mlio mmoja tu. Kwenye gesi yako moto uwe mdogo na chini uweke kipande cha bati, la sivyo mwali unapiga sehemu moja.

Kwa ugali tulitumia magunzi, maana yanawaka kwa nguvu na kuisha upesi, na ugali unataka hivyo hivyo; kwa maharage, gogo la mlingoti, yaani mkaratusi, lililosukumwa kidogo kidogo.

Maharage ya mwaka huu tumeshayapura. Nakutumia debe moja kwa basi la Jumamosi, ukalipokee kituoni jioni. Ukifika nalo nyumbani usiliache kwenye gunia. Anika jua la siku moja, yapoe, kisha mimina kwenye madumu makavu kabisa mpaka mdomoni, ukitikisatikisa yashikane, na ukaze mfuniko. Dumu likijaa hivyo wadudu wanakosa hewa. La kula wiki hiyo lijaze dogo peke yake, maana kila ukifungua kubwa unawapa pumzi.

Nisalimie mkeo. Mwambie ule mwiko nilioahidi nao umo ndani ya gunia, umefungwa kwenye kanga.

Mama yako