Maswali ya Wasomaji: Mabinti Zangu Wanalionea Aibu Gauni Langu la Zamani

Swali

Ndugu Mshauri, mimi ni mwalimu mstaafu mwenye umri wa miaka 69, ninaishi Soweto hapa Moshi. Mume wangu alishatangulia mbele za haki, na watoto wangu wote wana familia zao, wawili wakiwa Dar es Salaam na mmoja Arusha. Ninazo nguo chache ambazo nimezivaa tangu ujana wangu na bado ninazipenda: gauni la kitenge cha Urafiki lililoshonwa mwaka 1983, sketi ya marinda ya krimplini yenye rangi ya damu ya mzee, na sweta la marehemu mume wangu ambalo hujitupia mabegani asubuhi za baridi. Mabinti zangu hawataki kuziona. Krismasi iliyopita waliniletea nguo mpya, nikawashukuru, lakini walipoondoka nilikuta gauni langu jingine limekatwakatwa na kufanywa matambara ya kudekia. Wanasema ninawaaibisha mbele ya watu, na kwamba mtu wa umri wangu hapaswi kung'ang'ania nguo za usichana. Desemba tuna sendofu ya mjukuu wangu, na nimekwisha kuonywa nisithubutu kutokea na gauni lile. Je, ni kweli kwamba kuna umri ambao mtu anapaswa kuziacha nguo zake? Na niwajibuje bila ugomvi?

*Mama wa Soweto, Moshi*

Jibu

Shikamoo, mama. Nianze na lililo jepesi: hakuna umri uliowekwa, iwe na dini, na mila za huku Kilimanjaro au na adabu ya kawaida, ambao mtu akiufikia analazimika kuzivua nguo anazozipenda. Nguo ni mali yako, na kuikata mali ya mtu bila ruhusa yake ni kosa, hata kama aliyeikata umemzaa mwenyewe. Hilo una haki ya kuwaambia waziwazi, kwa sauti ya kawaida, mara moja, kisha uliache.

Ukiishia hapo, hata hivyo, ugomvi utabaki palepale, kwa sababu sidhani kwamba wanalolitazama mabinti zako ni gauni. Wanatazama midomo ya watu. Unafahamu mwenyewe jinsi mambo yanavyokuwa huku mwezi wa Desemba, watu wa Dar es Salaam, wa Mwanza na hata wa ng'ambo wanapopanda kuja nyumbani: nyumba hutazamwa kama imepakwa rangi, ua hutazamwa kama umefyekwa, na mzazi hutazamwa amevaa nini. Mama akionekana na nguo ya miaka mingi, hawakosekani wa kusema kwamba watoto wanakula mjini na wamemsahau aliyewasomesha. Unavaa wewe, wanasomwa wao. Hofu hiyo inawasumbua kweli, na ukiibeza utakuwa umewaumiza watu ambao kosa lao kubwa ni kupenda vibaya.

Jambo jingine ni kwamba hawajui gauni hilo lilipatikanaje. Miaka ya mwanzo ya themanini, nchi ikiwa imetoka katika vita vya Kagera na fedha za kigeni zikiwa hazipatikani, khanga, kitenge, sabuni na sukari vilikuwa vitu vya kupangiwa foleni katika maduka ya ushirika, na mtu aliyepata doti moja aliitunza. Kiwanda cha Urafiki, kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China, kilikuwepo, lakini kuwepo kwa kiwanda hakukumaanisha kwamba kitambaa kinafika dukani Moshi. Ni baada ya Serikali kulegeza masharti ya uagizaji wa bidhaa mwaka 1984 ndipo rafu zilipoanza kujaa, na mitumba nayo ikafuata kwa wingi, hata leo binti anaweza kwenda soko la Memorial asubuhi na kurudi mchana na magauni matano. Aliyekulia katika wingi huo anaona gauni kuwa ni kitu cha kubadilishwa. Waeleze, lakini pasipo kuwahubiria. Wape walishike, walifunue ndani, waone mshono ulivyopigwa na kitambaa cha akiba kilivyoachwa kwenye mbavu, kisha usimulie ulivyokipata kitambaa, nani alikushonea, na ulilivaa siku gani kwa mara ya kwanza.

Baada ya kuwatetea wao na kukutetea wewe, sasa niruhusu nilichunguze gauni lenyewe, kwa sababu nguo kuwa ya zamani si tatizo, lakini nguo kuwa imechoka ni tatizo, na mwenye nguo mara nyingi ndiye wa mwisho kuona. Litundike dirishani wakati wa jua kali, usimame upande wa ndani, na ulitazame mwanga ukipita. Pamba hulika kwanza kwapani, kwenye makalio na shingoni. Mahali palipolika mwanga hupita kwa wepesi kuliko kwingine, na ukipavuta kidogo kwa vidole viwili nyuzi hufunguka. Gauni likiwa hivyo kwapani tu, fundi anaweza kulitia kipande kwa ndani. Likiwa hivyo mgongo mzima, livae nyumbani, maana litakuchanikia siku ambayo hukuitaka.

Sketi ya krimplini ina mambo yake. Kitambaa hicho ni poliesta, hakiliki wala hakipauki upesi, na ndiyo maana kina mama wengi wa rika lako bado wanazo za miaka ya sabini zikiwa kama mpya. Lakini poliesta hushika harufu ya jasho kuliko pamba, na harufu hiyo hurudi nguo inapopata joto la mwili hata kama ilifuliwa jana. Iloweke katika maji yenye siki kwa muda wa nusu saa kabla ya kuifua. Zaidi ya hayo, ninakuomba usiivae unapopika, iwe kwa kuni, kwa mkaa au kwa gesi, kwa sababu poliesta ikishika moto huyeyuka na kuganda kwenye ngozi, na kuungua kwa namna hiyo ni kubaya sana.

Kuna jambo ambalo mabinti wanaliona bila kujua jina lake, nalo ni kwamba gauni limebaki vilevile na mwili umebadilika. Mtu anapozeeka hupungua kimo, kwa kuwa pingili za uti wa mgongo husogeleana, na mgongo wa juu huinama kidogo mbele. Gauni lililokatwa kwa ajili ya mwanamke wa miaka 27 aliyesimama wima linapovaliwa na mwanamke huyohuyo akiwa na miaka 69, pindo la nyuma hupanda na la mbele hushuka, mabega huteleza, na kola husimama mbali na shingo. Anayekutazama huona kitu kimekaa vibaya na hudhani ni uzee wa gauni. Dawa yake ni fundi cherehani, si duka. Mtafute fundi mtu mzima, wale wa barazani mjini bado wapo, na umwambie akupime upya ukiwa umesimama kama unavyosimama siku zote, pasipo kujinyoosha kwa heshima ya futi ya kupimia. Atashusha pindo la nyuma, atapandisha la mbele, na kile kitambaa cha akiba cha mbavuni kitatumika kutanulia kiuno, ambacho kwa wengi wetu hakikubaki kilivyokuwa. Mbele apunguze bila woga: pindo linalokanyagwa wakati wa kupanda ngazi limewaangusha wazee wengi, na nyonga iliyovunjika katika umri huo si jambo dogo. Kama vidole vimeanza kukaza asubuhi, akuondolee vile vifungo vidogo vya mgongoni na kuweka zipu mbele au ubavuni, kwa sababu nguo ambayo huwezi kuivaa bila kusaidiwa utaishia kuichukia.

Sweta la marehemu liache kama lilivyo. Kama kuna tundu, lizibwe kwa uzi wa rangi inayokaribiana, na asikuambie mtu yeyote kwamba si la kike.

Kuhusu sendofu, nadhani hapa ukubali. Bila shaka familia itachagua sare, na sare ya familia siku ya kumuaga binti ni namna ya kusema kwamba wote mko nyuma yake, kwa hiyo bibi kukaa meza ya mbele na kitenge chake cha peke yake kutamuumiza mjukuu ambaye hakumkata mtu gauni. (Mimi binafsi huona kwamba sare zimezidi; makabati ya kina mama wa Moshi na Arusha yamejaa vitenge vya kitchen party na ubarikio vilivyovaliwa mara moja tu, na hakuna anayeona aibu juu ya hilo.) Vaa sare ukumbini. Jumapili inayofuata vaa gauni lako la mwaka 1983, likiwa limetoka kwa fundi, limepigwa pasi, na shimizi mpya ndani yake, uende nalo kanisani.

Na hiyo shimizi wanunue wao. Ninasema hivi kwa sababu mabinti wanaotaka kuonekana wanamtunza mama yao wanahitaji mahali pa kutolea, na ukiwafungia mlango wa magauni wafungulie mwingine. Waambie kwa mfano: "Wanangu, magauni ninayo, lakini sina viatu vya kushika mguu vizuri, shimizi zangu zimekwisha, na Julai huwa ninapata baridi usiku." Waombe pia walipie fundi. Binti aliyelipia kurekebishwa kwa gauni atakuwa wa kwanza kumweleza shangazi yake kwamba lile gauni ni la mwaka 1983.

Swali

Baba yangu ana miaka 76, tunaishi naye Sakina, Arusha. Alikuwa mtumishi wa Serikali na maisha yake yote amevaa suti za Kaunda, safi na zenye mistari ya pasi. Tangu mwaka jana amechagua moja ya kijivu na hataki kuivua hata ikiwa na madoa ya chai. Mke wangu anapendekeza tuifiche. Unasemaje?

*Msomaji wa Sakina, Arusha*

Jibu

Msiifiche. Suti ya Kaunda, iliyopewa jina la Rais Kenneth Kaunda wa Zambia, ilikuwa vazi la heshima la watumishi wa kizazi chake, na kumnyang'anya ni kumvua cheo ambacho huenda ndicho anachokikumbuka vizuri zaidi.

Kinachonishtua katika barua yako ni madoa. Mtu aliyekuwa nadhifu miaka yote akianza kuvaa nguo chafu bila kujali, kwanza uliza kama anayaona. Mtoto wa jicho huingia polepole, na mwenyewe huzoea ukungu kiasi cha kutolalamika. Uwezo wa kunusa nao hupungua uzeeni, kwa hiyo huenda hasikii harufu mnayoisikia nyinyi. Kama macho yake yako sawa, angalieni iwapo anarudia maswali yaleyale, anapotea njia anayoijua, au amejitenga na kukosa raha ya mambo aliyoyapenda, kwa kuwa kung'ang'ania nguo moja na kusahau kuoga ni miongoni mwa dalili za ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, na pia za sonona. Mpelekeni hospitali apimwe, na macho yapimwe pia. Idara ya macho ya KCMC iliyopo Moshi si mbali na nyinyi.

Wakati mkisubiri majibu, ichukueni ile suti usiku akiwa amelala, mpelekeeni fundi asubuhi kabla mzee hajaamka vizuri au siku anayokwenda kliniki, na fundi achukue vipimo kutoka kwenye nguo yenyewe pasipo kuifumua. Ashone mbili za kitambaa cha kijivu kinachofanana, na mifuko iwe mahali palepale, hasa ule wa kalamu. Zibadilisheni kimyakimya, moja ikiwa mwilini, nyingine ikiwa kambani. Na kama katika baridi ya Juni hadi Agosti anaivalia juu ya sweta mbili, mwacheni. Mwili wa mzee haupashi joto kwa urahisi kama wako.

Swali

Nguo zangu za sufu zinatoboka kabatini ingawa ninaweka naftalini nyingi. Nifanye nini?

*Msomaji wa Majengo, Moshi*

Jibu

Anayetoboa ni buu wa nondo, na anachokula ni sufu, hasa ile iliyohifadhiwa ikiwa na jasho au doa la chakula. Kwa hiyo fua kwanza, kausha kabisa, ndipo uhifadhi. Naftalini hufanya kazi kwa mvuke wake, na katika kabati linalofunguliwa kila saa mvuke huo hutoka na kuishia puani mwako. Weka nguo za sufu katika boksi au begi linalofungwa vizuri, na kabla ya kuzivaa uzianike nje mpaka harufu iishe. Usiweke kabisa naftalini kwenye nguo za mtoto mchanga, kwa sababu kuna watoto wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, ambao mvuke wa naftalini unaweza kuwaharibia damu. Na punje zenyewe ziwe mbali na watoto wadogo, wanaozidhania pipi. Ukiwa na friza, lifunge sweta kwenye mfuko wa plastiki na uliweke humo kwa wiki nzima, mayai na mabuu yatakufa bila dawa yoyote. Vitenge na nguo za poliesta nondo hawazisumbui, ila vitenge viondoe wanga kabla ya kuvihifadhi, kwa kuwa mende huufuata.